Seva Yako Ikikataliwa Kuingia: Jinsi ya Kurekebisha Funguo za SSH

Mteja amelipa, pesa imeingia kwenye till yako, lakini tovuti ya duka lako bado inasema "haijalipwa". Fundi wako wa programu anakwambia amesharekebisha hiyo shida tangu asubuhi. Mbona basi hakuna kilichobadilika? Wakati mwingine mfumo wa malipo uko sawa kabisa. Ni ile seva inayounda programu yako ndiyo imekataliwa kuingia kwenye ghala la msimbo, kwa hivyo marekebisho hayajafika popote.

Hapa tunakueleza kinachoendelea, ili wewe na fundi wako mtatue jambo hili bila kuhatarisha biashara.

Funguo mbili, kazi mbili

SSH ni njia salama ya kompyuta mbili kuwasiliana. Ilibuniwa mwaka wa 1995 na Tatu Ylönen wa Ufini. Seva hutumia jozi ya funguo. Ufunguo wa umma ni kama nambari yako ya simu: ukijulikana, hakuna neno. Ufunguo wa siri ni kama PIN: haumwonyeshi mtu. Ghala huwekewa ufunguo wa umma, nayo seva hubaki na ule wa siri.

Soma ujumbe wa kosa kwanza

Ukiona "Permission denied (publickey)", ghala halijaitambua seva yako. Kagua hivi:

1. Je, ufunguo wa umma bado uko kwenye ghala? Huenda uliwekwa kwa akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka, akaunti ikafungwa, ufunguo ukaenda nayo.
2. Ni nani anayeendesha kazi? Jenkins, kwa mfano, kwa kawaida hutumia mtumiaji anayeitwa jenkins. Ufunguo ukiwa kwenye folda ya fundi, jenkins hauoni. Jaribu: sudo -u jenkins ssh -T git@github.com
3. Je, faili ya ufunguo wa siri iko wazi kwa watumiaji wengine? SSH itakataa kuitumia. Ifunge kwa chmod 600.
4. Je, ufunguo ni wa zamani? Mnamo Machi 2022 GitHub iliacha kukubali funguo za DSA. Tengeneza mpya: ssh-keygen -t ed25519

Ukiona "Host key verification failed", mambo yamegeuka: sasa ni seva yako ambayo haijalitambua ghala. Ni kama kutuma pesa kisha jina linalotokea si la yule unayemjua. Unasimama kwanza, sivyo? Tarehe 24 Machi 2023, GitHub ilibadilisha ufunguo wake wa RSA baada ya ule wa siri kuonekana hadharani kwa muda mfupi, na seva zilizokuwa zimeukariri ule wa zamani zikagoma. Dawa ni kufuta kumbukumbu ya zamani kwa ssh-keygen -R github.com, kisha kulinganisha alama ya ufunguo mpya na ile iliyo kwenye tovuti rasmi ya GitHub kabla ya kukubali. Usizime ukaguzi huu ati kazi iende haraka. Hiyo ni sawa na kutuma pesa bila kusoma jina.

Kwa nini hili ni jambo la pesa

Mtu akipata ufunguo wa siri wenye ruhusa ya kuandika, anaweza kuingia kwenye msimbo na kuweka nambari yake ya till mahali pa yako. Wateja watalipa, ujumbe watapata, lakini pesa haitakufikia. Kwa hivyo:

- Ipe kila seva ufunguo wake, tena wa kusoma tu.
- Usitume ufunguo wa siri kwa WhatsApp wala barua pepe, hata kwa fundi unayemwamini.
- Usiweke siri za kuunganisha malipo ndani ya ghala la msimbo.
- Ufunguo ukivuja, ondoa kwanza ule wa umma kwenye ghala, halafu utengeneze jozi mpya. Kisha kagua kama kuna badiliko usilolijua kwenye msimbo.

Ukikwama, wasiliana nasi na ututumie ule ujumbe wa kosa pekee. Hatutakuomba ufunguo wa siri, kama vile tusivyokuomba PIN. Anayekuomba, jua si sisi.