Lami imefika, rimu zimekuwa nyeusi

Zamani gari lililotoka Kibondo likaingia Kasulu, mkoani Kigoma, lilikuwa na rangi moja, hata liwe limepakwa rangi gani kiwandani. Milango, vioo, namba na rimu vyote vilivaa vumbi jekundu la barabara, na muosha magari hakuwa na haja ya kuuliza uchafu umetoka wapi. Lami imeharibu urahisi huo. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 zilizogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika wa mwaka 2018, imelipunguzia bodi la gari vumbi jekundu, ikauacha wazi weusi wa magurudumu ya mbele ambao maji na sabuni ya unga haviuwezi. Ulikuwepo tangu mwanzo. Wekundu ndio uliokuwa ukiufunika.

Weusi huo ni vumbi la breki. Kwa mwenye Mark X, Crown au Subaru ya spoti aliyefunga rimu za kung'aa, ni aibu ya kila Jumapili. Kwa mwenye kuangalia hesabu, ni mali yake mwenyewe iliyosagika: nusu pedi, nusu diski, imepikwa kwa joto na kugandishwa kwenye rangi ya rimu.

Na huku juu husagika haraka. Heru Juu ya Kasulu haikupewa jina la Juu bure. Atokaye huko kwenda Kigoma hana budi kushuka. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Buha inalipita kwa mamia ya mita. Chukua mteremko wa mita 500 tu. Gari dogo la tani moja na nusu, likishushwa kwa breki peke yake, linageuza uzito wake kuwa joto linalotosha kuchemsha ndoo ya maji ya lita 20. Lori la tani kumi lenye maharage linachemsha ndoo saba. Kwenye gari dogo, joto lote hilo linapita kwenye vipande vya pedi vinavyoenea kiganjani. Ongeza kwamba lami inamshawishi dereva kukimbia: gari lililo kwenye kilomita 100 kwa saa hudai breki mara nne ya lile lililo kwenye 50. Dereva anayeshuka na gia ndogo anaiachia injini sehemu kubwa ya kazi. Anayeweka nyutro ili abane mafuta huyalipa mafuta hayo kwenye duka la spea, na wakati mwingine kwa gharama isiyolipika.

Tupige hesabu ya kienyeji. Pedi mpya ya gari dogo huwa na unene wa kama milimita 10 wa sehemu inayoliwa, na fundi makini huitoa ikibaki milimita 3. Pedi nne za mbele, kila moja na eneo la kama sentimita 40 za mraba, zikipoteza milimita 7 kila moja, zimetoa gramu 280 hivi. Ni robo kilo na ushei. Mtu ananunua pedi, anazifunga, kisha ndani ya kilomita elfu arobaini, tuseme, anamwaga robo kilo ya mali yake barabarani, hewani na kwenye rimu. Diski ya chuma nayo hupungua, mara nyingine kwa kiasi kinachokaribia hicho, na chuma hicho ndicho kinachopata kutu kwenye rimu na kuacha madoa ya rangi ya chungwa ambayo kijana wa kuosha magari huyasugua mpaka mkono ukafa ganzi.

Kwa nini basi magari mengi yetu hayana weusi wa kutisha? Jibu ni Japani. Viwanda vya huko, Akebono, Nisshinbo na Advics miongoni mwao, vimezoea mteja anayetaka breki isiyopiga kelele na isiyochafua, hivyo pedi zao huchanganywa nyuzi laini, gundi, mpira na madini, bila nyuzi za chuma au kwa kidogo sana. Ulaya imezoea mengine: pedi zenye nyuzi za chuma, zinazoshika hata kwenye mwendo mkali wa barabara kuu za Ujerumani, lakini zinazoila diski kama msasa. Ndiyo maana BMW huoshwa leo na kesho kutwa magurudumu yake ya mbele yakawa kama sufuria ya kijiweni. Subaru WRX STI yenye kalipa za Brembo, ingawa ni ya Japani, iko upande huo huo, kwa kuwa breki ya kukimbia hutengenezwa kwa ajili ya kushika, na usafi huja baadaye.

Kwa hiyo IST, Mark X au Crown iliyoshuka bandarini Dar es Salaam kutoka mnadani Japani mara nyingi huja na pedi safi. Tatizo huanza pedi hizo zikiisha. Duka la spea la Kasulu au Kibondo huchota mzigo wake mbali, mwingi Kariakoo, na njiani kote huko maswali ya mteja ni mawili: inaingia gari gani, na bei gani. Hakuna anayeuliza imetengenezwa kwa nini. Boksi lenyewe husema «orijino» kwa sauti kubwa, na la feki hulisema neno hilo kwa sauti kubwa zaidi. Tume ya Ushindani inayo sheria ya alama za bidhaa ya mwaka 1963 ya kuwabana wauza bandia, na Shirika la Viwango lipo, lakini kati ya ofisi na kaunta ya mbao ya duka la mkoani kuna safari ndefu.

Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho mnunuzi anaweza kukisoma mwenyewe. Pedi nyingi za viwanda vinavyojiheshimu huchapwa mgongoni au ubavuni herufi mbili, kama EE, FF au GG. Ya kwanza ni kiwango cha kushika breki ikiwa ya kawaida, ya pili ikiwa ya moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni juu ya hapo. Kwa mtu wa kushuka milima, herufi ya pili ndiyo ya kutazama: pedi ya FE hulegea ikipata moto, na mteremko hauna huruma. Herufi hizo hazikuambii vumbi litakuwa kiasi gani, wala hazimzuii mghushi kuzichapa, lakini pedi isiyo na maandishi yoyote ni ya kurudisha kaunta.

Bei nayo ina mtego wake. Tuseme pedi ya chini ni shilingi 30,000 na ya maana ni 70,000, na fundi anachukua 10,000 kila akifungua. Ya kwanza ikidumu kilomita 15,000 na ya pili 45,000, rahisi inakugharimu kama shilingi 2.70 kwa kilomita, ghali inakugharimu chini ya 1.80. Hapo diski iliyoliwa na nyuzi za chuma haijahesabiwa. Mwenye Probox ya abiria anayekwenda na kurudi kila siku angepaswa kuwa wa kwanza kununua ghali, lakini yeye ndiye wa kwanza kununua rahisi, kwa sababu asubuhi anadaiwa hesabu ya tajiri na mfukoni ana elfu arobaini. Simlaumu.

Mafundi wazuri wameligeuza vumbi lenyewe kuwa kipimo. Breki za mbele hufanya kama asilimia 70 ya kazi, hivyo weusi wa mbele ni wa kawaida. Lakini gurudumu la mbele kushoto likiwa jeusi na la kulia likiwa safi, kalipa imekwama: pini zimekauka grisi, au pistoni hairudi. Pedi inakaa imebana hata mguu ukiwa umetoka, mafuta yanaliwa, rimu inatoa joto. Kusafisha pini na kuzipaka grisi ya breki ni kazi ndogo kuliko kununua pedi, na inapunguza vumbi kuliko dawa yoyote ya chupa.

Maana dawa za chupa zimeingia pia. Zenye asidi kali hung'arisha rimu siku moja na kuila rangi yake kwa mwezi. Zisizo na asidi hugeuka zambarau zinapokutana na chuma, mchezo unaompendeza mteja, na kazi zinafanya. Nta ya kawaida ya gari, ikipakwa kwenye rimu safi iliyopoa, huzuia vumbi lisigande, na hiyo kijana yeyote wa kuosha magari angeweza kuitoza kama huduma ya pekee. Sijaona anayeitangaza.

Kuna upande mmoja wa biashara hii ambao haung'arishwi na nta. Fundi wa pikipiki anafungua diramu ya nyuma ya bodaboda, vumbi limejaa, analipuliza kwa kompresa au kwa mdomo, kisha anaendelea na soga. Asbesto, inayosababisha saratani, ilikuwa malighafi ya kawaida ya breki kwa miongo mingi. Ulaya iliifungia mlango mwaka 2005, na Marekani ikatangaza marufuku Machi 2024. Breki shuu isiyo na jina haisemi kilichomo. Kitambaa chenye maji badala ya kompresa hakimgharimu fundi hata shilingi.

Ulaya sasa imeanza kulipima vumbi lenyewe. Kanuni za Euro 7 zinaweka kikomo cha chembe za breki zinazopaa hewani, miligramu 7 kwa kilomita kwa magari mengi ya injini na 3 kwa ya umeme, kuanzia aina mpya za magari za Novemba 2026. Porsche ilikwisha kuonyesha njia moja mwaka 2017: diski iliyopakwa kabidi ya tangsteni, ngumu kiasi kwamba kampuni ilidai vumbi linapungua kwa asilimia 90, na kwa majigambo kalipa zake zikapakwa rangi nyeupe. Kwa kuwa magari yetu hutufikia yakiwa yametumika miaka kumi na kuzidi, na mengi si ya Ulaya, teknolojia hiyo itachukua muda mrefu kupanda mpaka Heru Juu. Kitakachotangulia ni gari la haibridi, linalopunguza mwendo kwa kurudisha umeme kwenye betri na kuziacha pedi zikipumzika. Aqua ikishuka kutoka Kasulu itafika Kigoma na rimu safi, ili mradi betri isijae kabla mteremko haujaisha. Ikijaa, zinarudi kazini pedi zile zile.