Kamera kuukuu za Japani: si kila kongwe ni mali

MFANYABIASHARA wa Matongo, Tarime, hahitaji kufundishwa kupima dhahabu. Mzani unaonyesha gramu, bei ya dunia inafahamika, na tangu 2019 yapo masoko ya madini ya kuuzia mali. Lakini akiletewa kamera kuukuu ya Kijapani na kuambiwa kuwa nayo ni dhahabu, mzani huo haumsaidii.

Kamera zinazotafutwa na wakusanyaji ni zile ziitwazo renjifainda. Mpigapicha huchungulia kwenye kidirisha kilicho juu ya lenzi, akaunganisha taswira mbili kuwa moja, na hapo umbali umepatikana.

Adimu ndiyo bei

Mfano mkubwa ni Nikon I iliyotoka 1948. Picha yake ilikuwa ya milimita 24 kwa 32, wakati kipimo kilichozoeleka ni 24 kwa 36. Kamera hiyo haikudumu sokoni, na zilizotengenezwa hazikufika 1,000. Novemba 2016, moja ya zile za mwanzo kabisa iliuzwa mnadani Vienna, Austria, kwa euro 384,000.

Linganisha na Canonet ya kampuni ya Canon. Ilipoanza kuuzwa Japani Januari 1961, akiba ya wiki nzima iliisha kwa saa mbili. Yashica Electro 35 ya 1966 nayo iliuzwa kwa wingi mno. Ni kamera nzuri, lakini wingi huo umeshusha bei. Kwa hiyo muuzaji anayesema "hii ni ya zamani sana" bado hajataja thamani.

Mitego

Nikon SP ya 1957 yenye mwili mweusi ni adimu kuliko ile ya rangi ya fedha. Wajanja hulijua hilo, na huchukua ya fedha wakaipaka rangi nyeusi. Mnunuzi makini husoma namba iliyochongwa juu ya kamera na kuilinganisha na kumbukumbu za aina hiyo kabla ya kutaja bei.

Pili, mulika lenzi kwa tochi. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hula thamani. Tatu, usiisugue wala kuipaka rangi upya. Mkusanyaji hulipia hali ya asili, pamoja na mkoba na boksi lake.

Mtaji usifungwe

Hatari kubwa ni mauzo. Dhahabu ya asubuhi inaweza kuwa fedha jioni. Kamera husubiri mkusanyaji, pengine kwa miezi, na ikienda mnadani ng'ambo kuna kamisheni na gharama za usafiri.

Ushauri wetu: usinunue kwa fedha ya kuzungushia biashara. Tumia ile ambayo ikilala mwaka mzima, duka halitayumba.