Utangulizi: Hoja Isiyo na Kura

Mwanafunzi mgeni hukosi kumsikia akiuliza: Papa ana jeshi gani, au soko gani, hata mabalozi wamsikilize? Hana. Tangu mwaka 1964 Kiti Kitakatifu, yaani mamlaka ya Papa, ni mtazamaji wa kudumu katika Umoja wa Mataifa. Azimio la mwaka 2004 lilikiongezea haki ya kusema na kusambaza nyaraka, lakini kura hakipigi. Kimebakiwa na hoja tu.

Tuanze na deni. Mambo ya Walawi, sura ya 25, inaagiza kwamba kila mwaka wa hamsini ardhi irudi kwa wenyewe na watumwa waachiwe. Mwaka 1994, akiandaa Jubilei ya mwaka 2000, Yohane Paulo II alipendekeza madeni ya nchi maskini yapunguzwe sana, kama si kufutwa kabisa. Lakini Walawi hawamtikisi mtu wa Hazina. Maaskofu na wanaharakati, Wakatoliki kwa wasio Wakatoliki, walilazimika kujifunza riba, mauzo ya nje na bajeti za elimu: parokiani wakasema Kibiblia, mbele ya wakopeshaji wakasema kihesabu. Juni 1999, mjini Cologne, mataifa tajiri yalikubali kupanua msamaha wa madeni. Tanzania ilikamilisha masharti ya msamaha huo Novemba 2001, karibu wakati ule ule ada za shule za msingi zilipofutwa. Si Kanisa peke yake lililofuta deni. Mtumbwi ule ulikuwa na wapiga makasia wengi.

Kazi yenyewe, basi, ni ya ukalimani. Chukua kanuni ya auni: linalowezekana kijijini lisinyakuliwe na wizara. Hata asiyesali anaweza kuijadili. Ila mkalimani akizidisha, hoja ya Kanisa hufanana na taarifa ya shirika lolote lile.

Na kuna mahali mkalimani huyo amegoma kulainisha maneno. Cairo, mwaka 1994, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu na maendeleo, Kiti Kitakatifu kilipinga lugha ya utoaji mimba kikiwa bega kwa bega na baadhi ya serikali za Kiislamu, kikawaudhi wengi ambao baadaye wangekishangilia kwenye deni. Wanaokipenda Kiti cha Cologne hukichukia cha Cairo, na kinyume chake. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimesoma nusu ya kitabu. Wanadiplomasia wa Kiti Kitakatifu huziona hoja zote mbili kuwa za shina moja, utu wa binadamu. Unaweza kuwakatalia, lakini kwanza wasome hivyo.

Ukikosa pa kuanzia, chukua waraka *Pacem in Terris* wa Yohane XXIII, wa mwaka 1963. Kabla ya aya ya kwanza, angalia umeandikiwa nani: baada ya maaskofu, mapadre na waamini, wametajwa watu wote wenye mapenzi mema.