Sponji chakavu inavyoweza kuizima injini ya mashua ya matanga

MASHUA ya matanga haiitegemei injini yake kila saa, lakini inapoitegemea huwa ni katika dakika zisizo na mbadala: upepo umekufa, maji yanapwa kwa kasi, na mlango wa kuingilia bandarini umebanwa na miamba pande zote mbili. Injini ikipoteza nguvu mahali kama hapo, nahodha hana muda wa kupandisha tanga. Hata hivyo, kifaa kinachopitisha hewa yote iingiayo katika injini hiyo ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Wamiliki wengi hubadilisha oili na chujio la dizeli bila kukosa, huku chujio la hewa likibaki lile lile lililotoka kiwandani miaka 20 iliyopita.

Usahaulifu huo una sababu zake. Baharini hakuna vumbi la barabara, na watengenezaji wa injini ndogo za mashua wanalifahamu jambo hilo. Kifuniko wanachokiweka kwenye mlango wa hewa kazi yake ya kwanza ni kupunguza kelele za hewa inayovutwa. Ndani yake huwekwa sponji nyembamba ya kuzuia takataka. Vitabu vya mwongozo vya kampuni ya Yanmar ya Japani hukiita kifaa hicho kizima kipunguza sauti, wala si chujio. Mwenye mashua akisoma hivyo huona kwamba hakuna cha kuhangaikia.

Lakini kiasi cha hewa kinachopita hapo si kidogo. Tuchukue mfano wa injini ya Yanmar 2GM20, iliyofungwa katika mashua nyingi za matanga katika miaka ya 1980 na 1990 na ambayo bado inafanya kazi katika bandari nyingi duniani. Ina silinda 2 na ujazo wa sentimita za ujazo 636. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo ikizunguka mara 3,400 kwa dakika huhitaji takriban lita 1,080 za hewa kila dakika, yaani zaidi ya mapipa matano ya lita 200. Ndugu yake mkubwa, 3GM30 yenye silinda 3 na ujazo wa 954, huhitaji takriban lita 1,620. Aidha, injini za dizeli za namna hii hazina kilango cha kupunguza hewa kama ilivyo katika injini za petroli. Nguvu hupunguzwa kwa kupunguza dizeli tu. Hewa huvutwa kwa ukamilifu katika kila mvuto.

Swali basi ni hewa hiyo imebeba nini. Ndani ya chumba cha injini kuna unga mweusi unaotoka katika mkanda unaozungusha jenereta, kuna nyuzi na vipande vya magodoro ya kuzuia sauti yaliyobandikwa ukutani, na kuna mvuke wa oili. Huo wa mwisho ndio wenye madhara zaidi. Gesi kidogo hupenya kila mara pembeni mwa pistoni na kushuka katika tumbo la injini, kisha hutolewa kwa mpira mwembamba unaotoka juu ya injini na kuingia kwenye mlango wa hewa, ili iunguzwe badala ya kunukisha chombo. Gesi hiyo hubeba matone ya oili. Mwaka hadi mwaka sponji inalowa oili, inapashwa joto, inapoa, inazeeka. Hatimaye inakuwa laini kama mkate uliolowa chai, na ikiguswa kwa kidole inameguka.

Hapo ndipo mlinzi anapogeuka mwizi. Makombo ya sponji huvutwa na injini yenyewe. Madogo huungua na kwenda zake. Makubwa yanaweza kuziba njia ya hewa au kunaswa chini ya vali, na silinda ikakosa mgandamizo. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, sponji inayomeguka ni hatari kuliko kutokuwa na sponji kabisa.

Dalili za injini kukosa hewa zinafahamika: moshi mweusi, na injini kushindwa kufikia mizunguko yake ya juu hata mkono wa mafuta ukisukumwa hadi mwisho. Tatizo ni kwamba dalili hizo hizo huletwa na rafadha iliyoota chaza na makome, au na kiko cha ekzosi kilichozibwa na masizi, ugonjwa unaozisumbua sana injini ndogo ambazo moshi wake huchanganywa na maji ya bahari. Lipo jaribio rahisi la kuanza nalo. Endesha injini kwa nguvu zote, kisha mtu mwingine afungue kifuniko cha chumba cha injini. Mizunguko ikipanda, basi chumba chenyewe ndicho kinachoibana injini, na chujio jipya halitasaidia mpaka matundu ya hewa yaongezwe. Joto nalo lina sehemu yake: kila nyuzi 10 zinapoongezeka, hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 3, na injini hupata oksijeni pungufu kwa kadiri hiyo.

Kubadilisha sponji ni kazi ya nusu saa. Injini izimwe na iachwe ipoe, ufunguo uondolewe ili mtu asije akaiwasha. Kifuniko hufunguliwa kwa kuachia vibano vyake, na sponji ya zamani hutolewa taratibu ili isiache makombo. Usikimbilie kuweka mpya. Mulika ndani ya njia ya hewa kwa tochi na utoe kila kombo kwa mkono au kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Usipulize kwa upepo wa pampu, kwa kuwa utayasukuma makombo kwenye vali. Ukilazimika kuuacha mlango huo wazi, uzibe kwa kitambaa kikubwa cha rangi kali ambacho sehemu yake inaning'inia nje. Kitambaa kidogo kilichosahauliwa huishia ndani ya injini mara tu inapowashwa. Angalia pia mpira wa mvuke wa oili: ukiwa umepasuka au umebonyea, ubadilishwe siku hiyo hiyo.

Vitabu vingi vya injini hizi huagiza sponji isafishwe kila baada ya saa 250 za kazi au mara moja kwa mwaka. Kwa mashua ya matanga, ambayo injini yake inaweza kumaliza mwaka bila kufikisha saa 100, kalenda ndiyo ifuatwe. Sponji huzeeka hata injini ikiwa imelala.

Wapo wanaotaka kuboresha zaidi, na mabaharia wamejaribu njia nyingi. Iliyo mbaya kuliko zote ni kukata kipande cha godoro la kawaida. Sponji ya godoro haikutengenezwa kustahimili oili wala joto, na vitundu vyake vingi vimezibwa. Sponji ya kuchujia hewa huuzwa kwa jina hilo, ina vitundu vilivyo wazi vinavyoonekana kwa macho, na bei yake si kubwa.

Chaguo lililopata wapenzi wengi ni chujio la pamba lililopakwa mafuta, lenye umbo la pia, kama yale ya kampuni ya K&N ya Marekani. Halimeguki, huoshwa na kurudishwa. Lakini mnunuzi apime kipenyo cha mlango wa hewa kwa uangalifu, ahakikishe kuna mahali pa kuunganisha mpira wa mvuke wa oili, na asilipake mafuta kupita kiasi. Ajiandae pia kwa kelele, maana amekiondoa kipunguza sauti. Chujio la karatasi la gari dogo ni rahisi kupatikana, ila karatasi ikilowa oili na unyevu wa chumvi huziba upesi. Kwa injini kubwa zaidi vipo vifaa vinavyotenganisha oili na hewa na kuirudisha oili kwenye injini. Kwa injini ya silinda mbili hiyo ni gharama isiyo na sababu.

Lipo jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Injini ya dizeli haihitaji cheche ili iwake, hivyo ikianza kuvuta oili yake yenyewe kupitia mlango wa hewa inaweza kukimbia bila kudhibitiwa hata dizeli ikikatwa. Njia ya uhakika ya kuisimamisha ni kuinyima hewa, kwa ubao na kamwe si kwa kiganja cha mkono. Chujio lenye umbo la pia haliwezi kuzibwa kwa ubao. Kwa hiyo lifungwe kwa kibano kinachoachia mara moja, na ubao wa kipimo sahihi uwekwe karibu.

Yote hayo yanahusu mashua zinazosafiri katika hewa safi. Majahazi yetu ya Pwani yaliyofungwa injini ni habari nyingine, kwani hubeba saruji, mchanga na mawe. Vumbi la shehena hiyo husaga ringi za pistoni na kuta za silinda, na mwishowe injini huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Sponji nyembamba haitoshi hapo. Panahitajika chujio zito la karatasi ndani ya kopo lake, lenye bomba la kuvuta hewa kutoka tezi, mbali na shehena na rusha za mawimbi, nalo likaguliwe baada ya kila safari ya saruji. Injini za zamani za nchi kavu huja na chujio la bakuli la oili, ambalo hunasa vumbi vizuri, lakini lilibuniwa kusimama wima. Chombo kikilala upande kwa upepo wa kusi, oili ya bakuli hilo inaweza kumwagikia kwenye njia ya hewa na kuleta ule ule mkasa wa injini kukimbia. Anayelitumia asijaze bakuli kupita alama yake, na injini isiwashwe wakati chombo kimelala.