Mkopo Ukiongezwa, kwa Nini Huulizwa Mapato?

Wahenga walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Maneno hayo hayakatazi kukopa. Yatukumbusha tu kwamba siku ya kupokea fedha na siku ya kuzirudisha hazifanani.

Katika miji yetu ya Butembo na Beni watu wengi huishi kwa biashara na kilimo. Mwenye duka huagiza bidhaa Dubai au China, zikapita Mombasa na Kasindi. Mkulima hungoja mavuno ya kakao au kahawa. Mwalimu hungoja mshahara. Basi siku moja mtu hufika mbele ya karani wa mikopo na kusema: “Mwaka jana mlinipa dola 500, nami nimezilipa zote. Sasa naomba 2,000.” Karani hujibu: “Vema, mama. Tuonyeshe mapato yako.” Hapo wengi huudhika. Husema: “Je, sikulipa? Mbona leo hamniamini?”

Yafaa tulifahamu jambo hili, maana asiyelifahamu aweza kumkimbia mkopeshaji mwema na kuangukia mikononi mwa mbaya.

UAMINIFU NA UWEZO

Aliyelipa mkopo wa kwanza ameonyesha kwamba ni mwaminifu. Hilo ni jambo kubwa. Lakini uaminifu ni kitu kimoja, na uwezo ni kitu kingine. Mtu mwaminifu kabisa, akitwishwa mzigo unaopita nguvu zake, ataanguka nao njiani.

Tufanye hesabu. Mama mmoja auza vitenge sokoni. Kwa mwezi apokea dola 1,500, naye asema: “Hayo ndiyo mapato yangu.” Sivyo! Hayo ni mauzo. Dola 1,200 zarudi kununua vitenge vingine. Dola 100 ni kodi ya kibanda, ushuru na usafiri. Dola 120 ni chakula cha nyumbani na karo za watoto. Zabaki dola 80. Hizo 80 ndizo zitakazolipa deni, wala hakuna nyingine.

Tuseme riba ni 2 kwa mia ya mkopo wote kila mwezi, kwa muda wa miezi 12. Akikopa dola 600, kila mwezi atalipa 50 za mkopo na 12 za riba, yaani 62. Aweza. Akikopa 2,000, atalipa karibu 167 na riba 40, yaani 207. Atazitoa wapi? Atazitoa katika mtaji, kisha katika karo za watoto, na mwisho katika kiwanja alichokiweka rehani. Karani aulizaye mapato ataka kuiona hesabu hiyo kabla ya msiba, si baada yake.

LINI HUULIZWA

Si kila nyongeza huleta maswali. Mwalimu ambaye mshahara wake wapitia banki ileile inayomkopesha, pengine haulizwi lolote, kwa kuwa banki yauona mshahara kila unapoingia. Hali kadhalika nyongeza ndogo, kwa mtu aliyelipa vizuri, hupita upesi.

Lakini maswali huja nyongeza ikiwa kubwa kupita ile ya kwanza. Kazi au biashara ikiwa imebadilika. Karatasi za zamani zikiwa zimechakaa kwa miaka. Au mtu akiwa na deni kwingine. Huja pia nchi inapotikiswa. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza wakulima wengi katika mashamba yao. Mkulima aliyekuwa na mapato mema mwaka mmoja, mwaka uliofuata alikuwa mkimbizi mjini, na kakao yake ikavunwa na wengine. Kumwuliza upya mtu wa namna hiyo si kumdharau.

ASIYE NA KARATASI YA MSHAHARA

Wengi wetu hatuna karatasi ya mshahara. Tutaonyesha nini? Wahenga walikwisha kujibu: Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila siku ulichouza, ulichonunua na ulichotumia nyumbani. Tunza risiti za forodha na za wauzaji wa jumla. Weka akiba katika COOPEC yako kila juma, hata ikiwa kidogo, maana kitabu cha akiba ni shahidi asiyesahau. Mjumbe wa mikopo akija kuhesabu mali dukani, usiazime bidhaa za jirani ili duka lionekane limejaa. Ukimdanganya yeye, utakayelipa uongo huo ni wewe.

Vikundi vya akiba vya vijijini viitwavyo AVEC, ambavyo mfano wake ulianza Niger mwaka 1991, vina kanuni nyepesi: kwa kawaida mwanachama hukopeshwa si zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Mwenye akiba ya dola 40 hufikia 120. Akitaka zaidi, aongeze akiba kwanza. Hapo akiba yenyewe yasema habari za mapato, na majirani waijua kazi ya kila mmoja.

MKOPESHAJI ASIYEULIZA

Huyo ndiye wa kuogopwa. Mwezi wa Septemba 1958 banki moja kubwa ya Marekani, Bank of America, iliwapelekea watu 60,000 wa mji wa Fresno kadi za mkopo ambazo hawakuziomba. Kadi ya namna hiyo si kama zile nyingi za kwetu, ambazo humtolea mtu fedha zake mwenyewe. Yeye mwenye kadi hununua kwa fedha za banki, hadi kipimo alichowekewa. Basi wengi walishindwa kulipa, na banki ikapata hasara ya mamilioni ya dola. Tangu sheria ya mwaka 2009, mtoaji wa kadi nchini humo hana ruhusa kumwongezea mtu kipimo kabla ya kuuangalia uwezo wake wa kulipa.

Kwa jirani zetu wa Kenya, mkopo wa simu uitwao M-Shwari ulianza Novemba 2012. Simu haikuuliza karatasi ya mshahara. Ilitazama mwenendo wa mtu katika simu na akiba yake, ikampandishia kipimo alipolipa vizuri. Wengi walisaidika. Lakini ada yake ilikuwa 7.5 kwa mia kwa siku 30. Anayekopa hivyo kila mwezi, kwa mwaka alipa 90 kwa mia. Mikopo ya simu ilipozidi, watu kwa mamilioni walishindwa kulipa.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuomba nyongeza jiulize mwenyewe yale atakayokuuliza karani. Ukipokea faranga, ogopa deni la dola: mwaka 2016 dola moja ilianza kwa faranga kama 930, na mwisho wa mwaka 2023 ilipita 2,600, na mishahara haikukimbia kwa mwendo huo. Na ukipewa kipimo cha 2,000, hali hesabu yako yasema 600, chukua 600. Kipimo ni ruhusa, si amri.