Busta ya TV Unaiweka Juu kwa Antena ama Nyuma ya TV? Uliza Excel Kabla Utoe Doo

Game iko dakika ya 80, Harambee Stars wanapiga kona, picha inaganda. Ikirudi, wasee wa ploti ya pili washaanza kupiga nduru. Fundi anaitwa, anaangalia antena, anaangalia TV, halafu anakupea jibu la kila siku: nunua busta.

Sikatai, busta husaidia. Shida ni pale inawekwa. Wengi huichomeka nyuma ya TV juu hapo ndio kuna soketi, na nani anataka kupanda mabati? Wahandisi wa redio hawabahatishi hivyo. Wanafungua Excel kwanza, na hesabu yenyewe unaweza kuipiga kwa simu ukiwa kwa mat.

Iko hivi. Signali ikitoka kwa antena inapita vitu kadhaa vimefuatana: kebo, busta, king'amuzi. Kila kimoja kina namba mbili. Ya kwanza ni kinaongeza ama kinakula nguvu ngapi. Ya pili ni kinaongeza kelele ngapi. Kelele hapa si ya makanga, ni ule mchakato wa umeme ambao kila kifaa hujitengenezea, hata kikiwa kipya kwa boksi. Enzi za analogi uliiona kama chenga kwa skrini. Tangu tuhamie dijitali 2015, ni picha safi ama imeganda.

Na busta haijui kuchagua. Ukirekodi beshte yako akiongea kwa nganya yenye mziki wa nguvu, halafu uongeze sauti, mziki pia unapanda. Kelele ikishaingia, imeingia.

Mwaka wa 1944, Harald Friis, msee wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs huko Marekani, alitoa fomula ya hii maneno: kelele ya kila kifaa inagawanywa kwa nguvu iliyoongezwa na vyote vilivyo mbele yake. Kwa hivyo kile cha kwanza kwa laini ndicho kinaamua karibu kila kitu.

Sasa fungua jedwali. Kila kifaa kipate mstari wake kuanzia wa 2, ukifuata vile signali inapita. Safu ya B andika nguvu kwa desibeli, C kelele kwa desibeli. Kwa D weka =10^(B2/10), kwa E weka =10^(C2/10), uvute zote mbili chini. F2 ni =D2, halafu F3 ni =F2*D3. G2 ni =E2, halafu G3 ni =G2+(E3-1)/F2. Vuta F3 na G3 chini. Vifaa vikiwa vitatu, jibu ni =10*LOG10(G4). Ni hivyo tu.

Tujaribu. Busta inaongeza 20, kelele yake 3. Kebo ndefu ya kutoka juu ya ploti hadi kwa keja inakula 6, so andika -6, na kelele yake pia ni 6 (kebo huwa hivyo, ile inakula ndiyo kelele yake). King'amuzi kelele 7. Nguvu yake weka 0, haitabadilisha jibu. Hizi ni namba za mfano, weka za vifaa vyako.

Bila busta, jumla ya kelele ni desibeli 13. Busta nyuma ya TV, inashuka hadi 9.1. Busta ileile, kebo ileile, lakini ikiwa juu karibu na antena: 3.4. Hiyo tofauti ya 5.7 ni kelele kupungua karibu mara 4, na hujaongeza hata bob. Umebadilisha tu mistari miwili. Ikiwa nyuma ya TV, kebo imeshakula robo tatu ya signali kabla busta iione.

Usikimbie kununua kubwa kuliko zote, though. Kila busta ina kikomo. Kama unaishi karibu na mlingoti wa kurusha matangazo, signali inaingia tayari ikiwa na nguvu, busta inalemewa, na chaneli zinaanza kuharibiana. Ndio maana jedwali za mainjinia, kama RF Cascade Workbook ya RF Cafe, huwa na safu za kuangalia hiyo pia. Wewe jumlisha signali inayoingia na nguvu ya busta, ulinganishe na kikomo cha kutoa kilichoandikwa kwa boksi. Ikipita, busta ndogo itakufaa zaidi, ama hata usiweke.

Na kuhusu soketi kwa mabati: busta za kuwekwa juu hupata moto kupitia kebo hiyohiyo ya antena, kutoka kwa kisanduku kidogo kinachokaa ndani karibu na TV. Kama kuna kigawanyaji katikati cha kupeleka TV mbili, hakikisha kinapitisha moto, la sivyo busta itakaa huko juu imezima na utamlaumu fundi bure.