Kuchuja si Kutakasa: Istilahi za Majitaka katika Migori na Homa Bay

Kitenzi 'kusafisha' kina uwanja mpana wa maana. Sahani husafishwa, shamba husafishwa, na majitaka nayo husemwa kuwa yamesafishwa. Upana huo una hatari yake. Mwanzoni mwa mwaka 2015 kipindupindu kiliwakumba wakazi wa Migori na Homa Bay, kaunti zinazopakana na Ziwa Viktoria, ambako wengi huteka maji ya matumizi ziwani na mitoni. Katika mazingira hayo, kubainisha aina ya usafishaji ni suala la uhai.

Hatua ya kwanza ni kuchekecha. Majitaka hupitishwa kati ya vyuma vilivyopangwa sambamba, ambavyo hunasa matambara, plastiki na vijiti. Mvuvi wa Mbita anaifahamu kanuni hii: wavu wa sangara humwachilia omena, kwa kuwa ukubwa wa jicho la wavu ndio unaoamua kipitacho na kisaliacho. Hatua ya pili ni kutuamisha. Mchanga huzama kwanza, kisha yabisi laini hutuama katika tangi lenye maji yaendayo polepole. Kwa kawaida, kutuamisha huko huondoa asilimia 50 hadi 70 ya yabisi zilizochanganyika na maji.

Mchujo huu hutangulia kazi ya bakteria kwa sababu maalumu. Matambara huziba pampu, mchanga hujaza matangi, na yabisi zikizidi humaliza oksijeni ambayo bakteria huihitaji. Bakteria nao hula uchafu ulioyeyuka, ambao hakuna chekeche liwezalo kuunasa.

Hata hivyo, maji yaliyochujwa hayajatakasika. Kijidudu cha kipindupindu kina urefu wa takriban milimita 0.002, hupenya kati ya vyuma hivyo bila kizuizi. Hata baada ya kazi ya bakteria, viini vya maradhi hupungua tu. Ndiyo maana huhitajika mabwawa ya mwisho yanayopigwa na jua, au klorini.

Kwa hiyo, inafaa 'kuchekecha', 'kutuamisha' na 'kutakasa' zitumiwe kama istilahi tatu zenye mipaka. Migori, ambako Mjaluo na Mkuria hukutana kwa Kiswahili sokoni na zahanatini, tangazo lisemalo 'maji yamesafishwa' halitoshi. Msomaji anastahili kujua kama kilichoondolewa ni takataka au ni maradhi.